Mirihi Juu ya Ziwa: Mwongozo wa Mtazamaji wa Bukoba na Muleba

Usiku wa giza kwenye ufukwe wa Bukoba, nyota za kwanza kuonekana upande wa mashariki mara nyingi si nyota. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zimejipanga juu ya maji, nyingine nyeupe, nyingine za manjano, na ile ya mbali kabisa huonekana imekaa palepale ziwa linapogusana na anga. Anayeanza kutazama sayari anaweza kuikodolea macho taa ya mtumbwi akiamini ni Mirihi inachomoza. Dawa yake ni subira ya dakika 20. Muda huo ukipita, Mirihi itakuwa imepanda juu ya maji kiasi cha upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa mbele. Taa ya dagaa itakuwa bado majini.

Kipimo hicho cha vidole kinafanya kazi vizuri mkoani Kagera kuliko sehemu nyingi za dunia. Bukoba iko nyuzi 1 na dakika 20 kusini mwa ikweta, na Muleba mjini ni karibu nyuzi 1 na dakika 50. Katika latitudo hizi sayari hupanda karibu wima, hazikwei kwa mshazari kama zifanyavyo huko Ulaya. Ziwa nalo limelala upande uleule zinakotokea, hivyo hakuna mlima wala ghorofa la kuziziba.

Wengi hukata tamaa mapema kwa sababu moja: hutoka nje usiku wowote wakitarajia kuiona. Mirihi haipatikani hivyo. Ni sayari ya nne kutoka kwenye Jua, inazunguka nje ya njia ya Dunia, na mwaka wake una siku 687. Kila baada ya miezi 26 hivi Dunia huifikia na kuipita, zikawa kwenye mstari mmoja na Jua, Dunia ikiwa katikati. Ndipo Mirihi huchomoza Jua linapozama, hukesha angani mpaka asubuhi, na hung'aa kuliko wakati mwingine wowote. Katikati ya vipindi hivyo hufifia, hupotea kwenye mwanga wa Jua, au hujitokeza alfajiri tu ikiwa nukta isiyomshtua mtu.

Kwa hiyo kalenda ndiyo kifaa cha kwanza, kabla ya darubini. Tarehe 19 Februari 2027 Mirihi itakuwa mkabala na Jua, umbali wa kilomita milioni 101 hivi. Itafuata 25 Machi 2029, ambapo kwa mtu wa Muleba itapita karibu kabisa na utosi, lakini huo ni mwezi wa mvua za masika kuanza. Mei 2031 ni katikati ya masika. Ukiipata usiku mmoja bila mawingu, shukuru. Septemba 2035 sayari itasogea mpaka kilomita milioni 57 hivi, karibu sawa na Agosti 2003, ilipofika kilomita milioni 55.8, ukaribu ambao haukuwa umetokea kwa takriban miaka 60,000.

Magazeti ya ng'ambo yatapigia debe 2035. Kwa Kagera, mwaka wa kusubiri ni 2033. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai mwaka huo Mirihi itakuwa umbali wa kilomita milioni 63 hivi, na huo ni msimu wa kiangazi Bukoba, wakati anga inapoweza kukaa wazi usiku baada ya usiku. Itakuwa kusini sana angani, jambo litakalowaumiza watazamaji wa kaskazini: London itapanda nyuzi 10 au 11 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya moshi na mwanga wa mji. Bukoba itapanda zaidi ya nyuzi 60. Wenye darubini za gharama huko watakuwa wanachungulia juu ya paa za majirani, na mwanafunzi wa Muleba ataiona juu kabisa kwenye anga safi.

Kuna suala la saa. Tanzania nzima inatumia saa ileile, lakini Bukoba iko magharibi mwa nchi, na Jua hulifikia jiji la Dar es Salaam nusu saa kabla ya kufika Kagera. Ratiba ya anga iliyoandikwa kwa ajili ya Dar iongezewe dakika 30. Februari 2027, Jua likizama Bukoba yapata saa 1 na dakika 10 usiku, Mirihi itakuwa inaibuka kutoka ziwani, kaskazini kidogo ya mashariki halisi. Kufikia saa 3 itakuwa juu vya kutosha kuepuka utusitusi wa majini. Kilele chake kitakuwa saa 7 na dakika chache usiku, si saa 6 kama vitabu vingi visemavyo.

Usingoje kilele hicho. Ziwa Victoria hutengeneza mvua zake usiku: hewa baridi kutoka nchi kavu hukutana juu ya maji, mawingu hujijenga, na radi huanza kumulika upande wa mashariki. Upepo huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi, ndiyo maana Bukoba hunyeshewa sana alfajiri na asubuhi. Mji huu hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo hufika kwa njia hiyo. Saa za mtazamaji wa Kagera ni kati ya saa 3 na saa 6 usiku. Ukiona umeme unachezacheza nyuma ya visiwa, anza kufunga vifaa.

Mahali pa kusimama ni muhimu kuliko ukubwa wa lenzi. Ndani ya kibanja hakuna anga. Kuna majani ya migomba. Toka uende rweya, kwenye nyasi tupu kati ya kijiji na kijiji, ambako macho yanafika mbali pande zote. Uwanda wa juu wa Kamachumu, wilayani Muleba, ni mzuri zaidi kwa sababu uko juu ya utusitusi wa ufukweni na bado unatazama ziwa. Bukoba mjini, ufukwe unatosha, mradi taa za barabarani ziwe mgongoni.

Msimu wa senene ni kipingamizi cha aina yake. Novemba na Desemba, vilima vya Bukoba na Muleba huwashwa taa kali zilizozungukwa na mabati, anga yote ikawa nyeupe. Hakuna mtazamaji wa nyota mwenye akili timamu atakayewaambia Wahaya wazime taa za senene. Asubiri Januari, au ale senene.

Kabla ya kwenda rweya usiku, mwambie mwenyekiti wa kitongoji na majirani. Watu watatu waliosimama gizani wakinong'ona na kuelekeza bomba jeupe angani wanaweza kueleweka vibaya sana na sungusungu wanaopita. Waalike walinzi hao waangalie pia. Kwa kawaida hapo ndipo maswali mazuri huanza. Vaa mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Funika tochi kwa kitambaa chekundu, kwa sababu macho huhitaji kama dakika 20 kuzoea giza, na tochi ya simu huharibu kazi hiyo kwa sekunde moja.

Sasa kutambua. Mirihi ina rangi ya chungwa iliyopauka na haimetimeti kama nyota, kwa sababu ina upana fulani hata kama jicho haliuoni. Februari 2027 kutakuwa na mtego: Mushtarii itakuwa jirani yake angani, ikiwa nyeupe na yenye mwanga zaidi, na nyota Regulus itakuwa hapo karibu. Kinachong'aa kupita vyote ni Mushtarii. Chenye wekundu ni Mirihi. Mwaka 2033 mtego utakuwa Antares, nyota nyekundu ya kundi la Nge, lakini yenyewe humetameta na Mirihi itaizidi mwanga kwa mbali.

Zoezi lenye faida kubwa halihitaji kifaa chochote isipokuwa daftari. Chora nyota tatu au nne zilizo karibu na Mirihi, weka nukta mahali ilipo, rudia kila baada ya wiki moja. Baada ya michoro kadhaa utaona sayari imesimama, imerudi nyuma kuelekea magharibi, kisha imeendelea na safari yake. Huko kurudi nyuma ni mchezo wa macho unaotokea Dunia inapoipita, na uliwasumbua wanaanga kwa karne nyingi kabla Johannes Kepler hajatumia vipimo vya Mirihi kuonyesha, mwaka 1609, kwamba sayari huzunguka kwa njia ya duaradufu. Walimu wa Jiografia wanaofundisha mfumo wa jua Kidato cha Kwanza wanaweza kumaliza nusu ya mada kwa daftari hilo.

Darubini ya macho mawili itaongeza rangi tu, haitaonyesha umbo. Ukitaka kuona sura ya sayari, tafuta darubini ya nyota yenye kioo cha milimita 130 au zaidi, ikuze kama mara 150, na usitegemee picha za kwenye boksi. Utaona kiduara kidogo cha rangi ya chungwa, doa jeupe la barafu kwenye ncha moja, na hewa ikiwa tulivu, kivuli cha pembetatu kiitwacho Syrtis Major. Siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika 40 hivi, kwa hiyo ukitazama saa ileile kila usiku, kivuli hicho kitachelewa kidogo kidogo na baada ya wiki kadhaa utakuwa umeona sayari nzima. Tufani la vumbi likitokea, alama zote hufutika. Na unyevu wa ziwa hufanya lenzi itoe jasho: ifunike, iache ikauke yenyewe, usiifute kwa khanga. Mchana, darubini isielekezwe kwenye Jua hata kwa mzaha.

Sehemu ya pili ya kuijua Mirihi hufanyika mchana, chini ya miguu.

Wekundu wake unatokana na chuma kilichoshikana na oksijeni, kutu kwa lugha ya nyumbani, iliyosagika ikawa vumbi laini na kutapakaa kila mahali. Chuma hicho Kagera inakifahamu tangu kale. Kule Katuruka, karibu na Maruku, wanaakiolojia wakiongozwa na Mmarekani Peter Schmidt walichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye takriban miaka 2,000, kando ya mti wa Kaiija ambao wazee walikuwa wameendelea kuusimulia kama mahali pa wahunzi. Anayekwenda huko aangalie rangi ya udongo, kisha afungue picha ya bonde lolote la Mirihi. Kemia ni ileile.

Genge la mawe nyuma ya mji wa Bukoba lina somo jingine. Ni miamba ya mchanga iliyotandazwa na maji zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na wanajiolojia wameyaita matabaka ya aina hii katika magharibi mwa Tanzania Bukoban, kwa jina la mji. Simama karibu na ukuta wa mwamba na utafute mistari myembamba iliyolala kwa mshazari ndani ya tabaka. Mistari ya namna hiyo hubaki pale mchanga unaposukumwa na mkondo. Sasa fikiria kijigari cha Marekani kiitwacho Opportunity, kilichotua tarehe 25 Januari 2004 kwenye tambarare ya Meridiani, karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta ya Mirihi, yaani latitudo ambayo kwa Dunia ingekiweka jirani na Muleba. Mawe ya kwanza kiliyoyakagua yalikuwa na mistari ya mshazari, pamoja na vijiwe vya mviringo vya hematiti ambavyo huumbika ndani ya miamba iliyolowa. Ushahidi wa maji ukapatikana kwa kusoma mwamba, si kwa kuona tone.

Kijigari hicho kilipangiwa siku 90. Kilidumu mpaka Juni 2018, tufani la vumbi lilipokinyima mwanga wa Jua. Kwa miaka yote hiyo zaidi ya 14 kilitembea kilomita 45 hivi, umbali usiotosha kumfikisha mtu Muleba akitokea Bukoba mjini. Anayelalamikia daladala akumbuke hilo.

Swali la ziwa lililokauka nalo si geni hapa. Wanasayansi waliotoboa tope la chini ya Ziwa Victoria walikuta tabaka gumu lenye vijizizi vya nyasi: kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita ziwa hili lote lilikuwa nchi kavu, kisha likajaa tena. Mirihi haikubahatika kujaa tena. Kreta ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45, ilishika maji zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, mto uliingia upande wa magharibi na kumwaga tope lililojenga delta. Ndiyo sababu kijigari Perseverance kilipelekwa huko na kutua tarehe 18 Februari 2021. Julai 2024 kilikuta jiwe lenye madoa yaliyopewa jina la utani la madoa ya chui, na Septemba 2025 watafiti wakatangaza kwamba madoa hayo huenda yaliachwa na vijidudu vya kale. Huenda. Kemia isiyo na uhai inaweza kufanya kitu kinachofanana, na jibu linahitaji sampuli ifike maabara za Dunia, mpango ambao umekuwa ukiyumba kwa sababu ya gharama. Kichwa cha habari kikisema uhai umepatikana, soma aya ya tano kabla ya kusambaza.

Watu wa Kagera hawahitaji kufafanuliwa tetemeko ni nini. Lile la alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, na ufa wake bado unaonekana kwenye kuta kadhaa. Mirihi nayo hutikisika. Chombo InSight, kilichotua Novemba 2018 kikiwa na kipimo kilichotengenezwa Ufaransa, kilisikia matetemeko zaidi ya 1,300 katika miaka minne. Kubwa kuliko yote, la tarehe 4 Mei 2022, lilikuwa 4.7; lile la Kagera lilitoa nishati zaidi ya mara 50 ya hilo. Tofauti ina chanzo chake: gamba la Mirihi halijakatika vipande vinavyosukumana na kuachana kama huku kwenye Bonde la Ufa. Gamba lisilosogea ndilo pia lililoacha volkeno ikakaa juu ya tundu moja kwa muda mrefu hadi ikazaa Olympus Mons, mlima wa kilomita 22 kwenda juu na kilomita 600 kwa upana. Kilimanjaro, ambayo haifiki kilomita 6, ingehitaji kupandana karibu mara nne.

Kufuatilia uchunguzi unaoendelea hakugharimu zaidi ya bando. Picha ghafi za Perseverance na za kijigari kingine, Curiosity, huwekwa kwenye tovuti ya NASA, shirika la anga la Marekani, bila malipo, nyingine siku hizohizo zinapofika. Mars Trek ya NASA ni ramani ya kuzunguka nayo sayari yote, na programu ya Stellarium kwenye simu itakuonyesha ilipo Mirihi juu ya Bukoba ukishaweka mahali na saa. Usiishie kwa Wamarekani: India ilifika mwaka 2014 kwa Mangalyaan, na mwaka 2021 China ikatua kwa kijigari Zhurong na Falme za Kiarabu zikafikisha chombo chao, Al-Amal, kinachochunguza hali ya hewa ya huko.

Kuna kazi moja ambayo mkulima wa Kagera anaweza kuifanya bila darubini wala bando, nayo ni kutambua mawe. Vipande vya Mirihi vimeshaanguka Duniani, vikiwa vimerushwa na vimondo vikubwa vilivyoigonga. Tarehe 3 Oktoba 1962 jiwe la kilo 18 hivi lilitua Zagami, Nigeria, hatua chache kutoka kwa mkulima aliyekuwa akifukuza ndege shambani. Jingine lilipatikana kwenye jangwa la Oman mwaka 1999, na kipande chake kilifungwa ndani ya Perseverance kikarudishwa kilikotoka, kitumike kurekebishia vipimo. Tanzania ina vimondo vyake, Mbozi na Ivuna, ingawa hivyo havikutoka Mirihi.

Shida ya Kagera ni kwamba mashamba yamejaa mawe meusi mazito ambayo kila mtu hudhani yametoka mbinguni. Mengi ni mavi ya chuma, mabaki ya tanuri za mababu. Tumia jicho kwanza, si nyundo: kama lina matundu ya mapovu kama sifongo, au sehemu yake inang'aa kama chupa, limetoka kwenye tanuri. Kimondo kwa kawaida hakina matundu ya ndani, na nje kina ngozi nyembamba nyeusi iliyoungua. Sumaku pekee haitoshi, kwani huvuta vyote viwili. Lenye matundu liache mahali lilipo, maana tanuri za kale zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Piga picha ukiweka sarafu pembeni, andika jina la kitongoji, upeleke taarifa ofisi ya kijiji. Lenye ngozi iliyoungua lifunge kwenye karatasi kavu, usilioshe wala kulipasua, uwaulize wanajiolojia wa serikali wa taasisi ya jiolojia ya Tanzania, GST, makao makuu Dodoma.